Mtu wa Kupigiwa Simu

Mlio ulianza mdogo, kama wa kifaranga aliyepotezana na mama yake, kisha ukapanda. Ukanyamaza. Ukaanza tena.

Sikuona ulikotoka. Macho yangu yote mawili yalikuwa yamefungwa bandeji, na chini ya bandeji kulikuwa na dawa iliyonifanya nitokwe na machozi bila huzuni yoyote. Asubuhi ile, katika maabara ya kemia, nilikuwa nimevua miwani ya kinga kwa sababu iliingia ukungu, na kwa sababu nilijiona mjuzi kuliko miwani. Kemikali ya chupani ikanirukia machoni. Mwalimu wa maabara alinikamata kisogo akaniinamisha chini ya bomba robo saa nzima, nami nikamtukana kimoyomoyo. Baadaye daktari wa zahanati ya chuo akasema robo saa ile ndiyo iliyoniokoa. Macho ni mazima, alisema, ila yapumzike gizani mpaka kesho asubuhi. Kisha akaenda zake, akaniacha na nesi.

"Hapokei," nesi alisema. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo, tulivu, ya mtu aliyezoea kutiiwa. "Mtu wako hapokei simu."

"Labda yuko kazini, Mama."

"Anafanya kazi gani?"

"Anasoma."

"Anasoma nini?"

"Kemia."

"Kama wewe."

"Kama mimi kabisa," nikasema, na masikio yakaanza kunichoma.

Akapiga tena. Kifaranga akalia tena. Nikasikia viatu vyake vya mpira vikivuka sakafu polepole, vikasimama penye kiti walipotundika koti langu la maabara. Mkono ukaingia mfukoni. Mlio ukawa mkubwa ghafla.

"Kijana."

"Naam, Mama."

"Hii simu iliyokuwa kwenye koti lako, mbona inaonyesha namba ya zahanati?"

Kuna nyakati mtu hutamani bandeji ifunike uso mzima.

"Fomu yako ninayo hapa," akaendelea. "Mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Umejiandika mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Ili siku ukizimia nikupigie, nikujulishe kwamba umezimia?"

Pale chuoni waliniita Balozi, kwa jinsi nilivyotembea kidevu juu kana kwamba nchi nzima imenituma. Balozi sasa alikuwa amekaa kwenye kitanda cha zahanati, miguu inaning'inia, soksi moja imelowa.

"Sikiliza," nesi alisema. "Mtu aliyefungwa macho hatoki hapa bila mtu wa kumchukua na kutia saini. Kama huna, naita gari la hospitali kuu, ukalale wodini mpaka wakufungue."

"Nitatembea mwenyewe. Bweni si mbali."

"Haya, tembea."

Nilishuka kitandani. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili pia. Ya tatu niligonga kitu cha chuma kikaanguka kwa kishindo na kuzunguka sakafuni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hilo ni beseni," nesi alisema. "Bweni liko upande wa pili."

Akanirudisha kitandani kwa kunishika kiwiko, taratibu, bila kunicheka. Kisha nikamsikia akibonyeza namba nyingine.

"Unampigia nani, Mama?"

"Ofisi ya Wanafunzi wa Kigeni. Wamtume mtu wao wa zamu."

"Hao usiwaite, tafadhali."

"Kwa nini? Wewe si mgeni? Ndiyo kazi yao."

Ningemwambia nini? Kwamba wa zamu siku za Jumatano nilimjua, na kwamba hatukuwa tumesemeshana kwa wiki tatu?

*

Nilimwona mara ya kwanza siku niliyofika, miaka miwili nyuma. Ofisi yao iko ghorofa ya chini, mlango wa tatu baada ya maktaba, na ukutani kuna karatasi kubwa inayomweleza mgeni afanye nini wiki ya kwanza: kadi ya bima, kibali cha ukaazi, laini ya simu, akaunti ya benki, daktari wa chuo, mshauri wa masomo. Chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa mkono: "Na ule chakula."

Aliyeongeza ndiye yeye. Alikuwa mwanafunzi wa sheria anayefanya kazi pale nusu siku, msichana mfupi mwenye macho yasiyo na haraka. Kiunoni alining'iniza funguo nyingi mno, moja ikiwa ya kabati wanaloliita la waliotangulia. Wageni wanaomaliza masomo huacha humo vitu vyao: sufuria, pasi, makoti ya baridi, taa za mezani, na kila kitu hufungiwa kikaratasi chenye neno la aliyekiacha. Anayekuja huchukua. Hakuna anayelipa, hakuna anayeulizwa.

"Chukua blanketi," aliniambia. "Miezi miwili ijayo hutaamini baridi yake."

"Nashukuru. Ninalo langu."

Sikuwa nalo. Alinitazama, akatazama begi langu dogo, akanitazama tena. Hakusema neno. Msimu wa baridi ulipoingia nililala na koti, soksi mbili na kamusi juu ya miguu, mpaka siku moja nikakuta blanketi la kijivu mlangoni pa chumba changu. Kikaratasi chake kilisema: "Aliyeniacha naye alikuwa na kiburi. Alipona." Mwandiko ulikuwa wa yule aliyeongeza neno la chakula ukutani.

Nikarudi ofisini kushukuru, nikakaa saa mbili. Tangu siku hiyo nikamwita Karani, naye akaniita Balozi, na kila nilipokuwa na swali la kibali au la bima nililigawa mara tatu ili nirudi siku tatu. Mwaka huu nilimwandikia ubeti, nikauweka ndani ya fomu ya maktaba:

Karani wa mlangoni, wageni waandikika,
Nimo humo kitabuni, jina langu limefika,
Lakini mwangu moyoni, jina lako limeshika,
Futa langu ofisini, lako halitafutika.

Alilia, na mimi nikajiona bingwa wa dunia. Tukapendana miezi sita, kimyakimya, kwa sababu mama yake alikuwa amekwisha kutoa hukumu bila kuniona. Mama alikuwa nesi katika hospitali ya mjini, na siku Karani alipomdokezea kwamba kuna kijana wa kigeni anayeandika mashairi, alijibu kwamba hataki mkwe mwenye begi mlangoni.

Kisha ukafika wakati wa kuhuisha vibali. Karani alipewa mafaili yetu ayakague, akafika kwenye langu.

Tuligombana kwenye ngazi za maktaba. Si kwa kelele. Afadhali ingekuwa kwa kelele.

"Umejiandika mwenyewe," alisema. "Miaka miwili. Ukipatwa na jambo, hakuna atakayejua. Hata mimi."

"Sipendi kumsumbua mtu."

"Mimi ni mtu?"

"Karani, hiyo ni karatasi tu."

"Na lile shairi lilikuwa nini? Si karatasi?" Macho yake yasiyo na haraka yalikuwa yamejaa. "Kwenye shairi nimo, Balozi. Kwenye fomu simo. Na ikitokea dharura, watu hawasomi shairi."

Nilikuwa na maneno elfu moja ya kujibu, yote ya mizani na vina. Nikainua kidevu, nikaondoka. Wiki tatu.

*

Nilizisikia funguo kabla ya hatua zake. Zilikuja ukumbini zikigongana, zikasimama mlangoni ghafla. Nilijua ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane alikuwa ananitazama bila mimi kuweza kupanga uso wangu.

"Ni macho?" akauliza.

"Macho hayana neno," nesi alijibu. "Kesho asubuhi yanafunguliwa. Kinachokosekana kwake ni mtu."

Nikasikia akivuta pumzi, ndefu, kama aliyetua ndoo. Aliposema tena alikuwa karani kamili.

"Habari za mchana, ndugu mwanafunzi. Nimetoka Ofisi ya Wanafunzi wa Kigeni. Pole kwa yaliyokupata."

"Nimeshapoa," nikasema. "Asante, dada wa ofisi."

"Mama, hujala tena," akamwambia nesi kwa sauti ya chini. "Chakula nimekuta mezani vilevile ulivyokiacha asubuhi."

"Nitakula. Fanya kazi yako kwanza."

Moyo wangu ulipiga pigo moja kubwa, ukangoja. Kila mtu humwita mama mwanamke wa makamo. Hata mimi nilikuwa nikimwita hivyo tangu asubuhi. Lakini hakuna anayemwambia mama wa watu kwamba ameacha chakula mezani. Nikakumbuka Karani aliwahi kutaja kwamba mama yake ameomba uhamisho aje karibu na nyumbani. Katika wiki tatu za kununiana kwetu, uhamisho ulikuwa umekubaliwa.

Basi ndiye huyu. Mama mkwe wangu wa ndotoni alikuwa amenikuta nikijipigia simu, akanitazama nikipigana na beseni.

Kiti kilivutwa karibu yangu. Karatasi ikachakacha, na kalamu ikabonyezwa.

"Tunajaza fomu mpya," Karani alisema. "Nitauliza, wewe utajibu. Jina kamili?"

Nikalitaja.

"Idara?"

"Kemia."

"Mwaka wa masomo?"

Nilikuwa nikimsikiliza yeye, si swali. Pua yangu ilikuwa imepata ile harufu ya karatasi mpya na sabuni aliyokuwa nayo siku zote, na nikasahau kujibu. Kalamu iliendelea kukwaruza. Ikakwaruza mstari, ikaruka, ikakwaruza mwingine. Hakuniuliza tena. Nilisikia ukurasa ukigeuzwa.

"Binti yangu," nesi alisema.

"Abee, Mama."

"Umeandika nini hapo?"

"Namba ya chumba."

"Hajakwambia namba ya chumba."

Kalamu ikasimama.

"Na hapa tarehe ya kuzaliwa. Hapa namba ya kibali. Hapa umeandika hapatani na penisilini, anawashwa mwili." Nesi alisoma taratibu, kama anayesoma kipimajoto. "Nimekuwa naye tangu asubuhi, sijui kama hapatani na penisilini. Wewe umefika sasa hivi. Nani kakwambia?"

Nje ya dirisha mtu alipita akipiga mluzi.

"Ndiye huyu?" nesi akauliza.

"Ndiye, Mama."

"Wa mashairi?"

"Ndiye."

"Aliyekufanya ukatae kula wiki ya kwanza ya mwezi?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Nataka kujua nilikuwa namwekea dawa nani."

Hapo nikaona nisijifiche tena nyuma ya kitambaa. Nikashuka kitandani nikasimama, kama ipasavyo mbele ya mzazi.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba. Kaa kabla hujaangusha kingine."

Nikakaa.

"Mimi si mtu wa kuchukia watu," akaanza. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wageni nimewahudumia miaka na miaka. Lakini mgeni ana siku ya kurudi kwao, na wewe umebakiza mwaka mmoja. Halafu leo nakuta kitu kibaya zaidi ya begi. Kijana hana mtu. Si kwamba amekosa. Amekataa. Mtu asiyetaka kusaidiwa na yeyote, binti yangu akiugua atajua kumsaidia? Atamwambia naye ajipigie simu mwenyewe."

Iliniingia. Ilipita pale ambapo maneno ya ngazi za maktaba yalikuwa yamepita, ikaenda mbele zaidi.

"Mama yangu ni fundi cherehani," nikasema. "Siku niliyoondoka, alinishonea mfuko wa ndani wa koti kwa mkono, akaniambia, huko uendako usimsumbue mtu. Nikaishika kama amri. Kila nikitaka kuomba kitu naisikia sindano yake. Hata leo hajui niko hapa. Jana nilimwambia mambo ni mazuri. Huwa namwambia mambo ni mazuri."

Funguo zililia kidogo. Karani alikuwa amesogea.

"Hukuwahi kuniambia hilo," alisema.

"Niliona haya."

"Balozi wa watu," akasema polepole, na ile sauti ya ofisi ilikuwa imemtoka yote.

Nesi alikohoa. "Mama yako alikwambia usisumbue watu. Alikukataza kuwa na watu?"

"Hapana, Mama."

"Basi ulimsikia vizuri ukamwelewa vibaya. Tumalize fomu, nina wagonjwa wengine."

Kalamu ikabonyezwa tena. Karani alisoma:

"Mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura?"

Mashairi niliyokuwa nimemtungia usiku na mchana yalinijia yote kwa pamoja, yakapiga foleni. Nikayaacha yasimame. Nikataja jina lake, lake na la baba yake, kama lilivyo kwenye kitambulisho anachovaa kifuani. Kisha nikataja namba yake ya simu, tarakimu kwa tarakimu, bila kukosea hata moja.

Kalamu haikutembea.

"Andika," nesi alimwambia. "Au na wewe umefungwa macho?"

Kalamu ikatembea, polepole mno. Tone moja likaanguka kwenye karatasi, nililisikia. Nesi bila shaka aliliona, ila akajifanya anapanga chupa.

"Uhusiano?" Karani akauliza, kwa sauti ndogo.

Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimesahau kwamba fomu ina mstari huo. Kwangu mimi, kwa miaka miwili, hapo pamekuwa na kistari.

"Mchumba," nikasema. "Mama akiniruhusu."

Chupa ziliacha kupangwa.

"Mimi si fomu ya kujazwa haraka haraka," nesi alisema. "Sijasema ndiyo."

"Najua, Mama."

"Sijasema hapana pia." Droo ikafunguliwa, ikafungwa. "Shika hii penseli, binti yangu. Andika hapo neno lolote mnalotaka, ila kwa penseli. Siku wazee wa huyu watakapofika mlangoni kwangu, nitatoa wino mwenyewe."

Karani alicheka huku akilia. Alinishika mkono, akauweka juu ya karatasi, akaniwekea kalamu kati ya vidole. "Saini yako hapa," alisema. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari kunionyesha pa kuanzia, na kidole changu kikakutana nacho kikakaa. Nilikuwa sioni kitu, lakini nilijua hasa macho yake yalivyo wakati ule.

"Saini haichukui muda wote huo," nesi alisema.

Nikatia saini. Karani alikwenda ukumbini kutafuta kiti cha magurudumu, maana mama yake alikataa kabisa nitembee. Funguo zikaenda zikipungua sauti.

Tukabaki wawili.

"Sikiliza, kijana," nesi alisema, akisogea. Sasa hakukuwa na ukali hata wa mzaha. "Fomu ya binti yangu ina namba yangu. Na mimi nikiwa zamu, simu inakaa kabatini saa nane nzima, ndiyo sheria. Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi za mahakama walikokwenda mafunzoni, akavunjika mkono. Walinipigia mara kumi na moja. Nilikuwa namhudumia mtoto wa mtu mwingine. Mara kumi na moja. Nilizihesabu jioni, kwenye kioo cha simu. Tangu siku hiyo natafuta mtu wa kuandikwa chini ya jina langu."

"Mama..."

"Ngoja. Huko nyuma umekwisha kumwandikia mambo ya moyoni. Mimi sitaki vina. Sema kwa maneno ya sokoni, nikusikie: akipatwa na jambo, na mimi sipo, itakuwaje?"

Nilisimama. Nikainua kidevu kwa mazoea, nikakishusha. Nikaigeukia sauti yake na kufungua mdomo.

"Niko huku," alisema. "Hapo unaliahidi kabati la dawa."

Vidole viwili vyenye harufu ya spiriti vikanishika kidevu vikanigeuza polepole, kama mama anavyomgeuza mtoto amfute uso.

"Haya sema, mwanangu."

"Mama," nikasema, "simu yake ikilia nitapokea. Nikiwa maabara nitapokea, nikiwa kwenye mtihani nitatoka nipokee. Nikiwa nimerudi kwetu nitapokea na nitapanda chombo cha kuja huku siku hiyohiyo. Na jioni ya leo, kabla sijalala, nitampigia mama yangu nimwambie macho yangu yamefungwa, na kwamba huku niliko nina watu."